Oksijeni: Hewa yenye jina lisilo lake

Msomaji, kuna maneno ya hospitali ambayo watu huyatamka kwa sauti ya chini, na mojawapo ni oksijeni. Ukimpigia simu jamaa yako kumjulisha kwamba shangazi amelazwa, atakuuliza yuko wodi gani na anakula nini. Lakini ukimwambia "amewekewa oksijeni", upande wa pili utanyamaza kidogo, kisha utasikia akiuliza kama watu wa nyumbani wameshaarifiwa. Wiki hii nataka tulizungumzie neno hili lenyewe, lilikotoka na maana yake. Huenda ukadhani hayo ni mambo ya walimu wa lugha na hayamhusu daktari. Yananihusu sana, kwa kuwa nimeona mgonjwa akinyimwa hewa hii kwa sababu ya jina lake.

Miaka michache iliyopita nilimhudumia mzee mmoja aliyekuwa na nimonia. Kipimo cha kidoleni kilionyesha asilimia 82, ilhali mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kuwa na 95 au zaidi. Alikuwa akivuta pumzi zaidi ya mara 30 kwa dakika na midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikaagiza apewe oksijeni. Mwanawe, mwalimu wa shule ya upili, akaniomba tusogee kando. "Daktari," aliniambia kwa heshima, "mzee ana vidonda vya tumbo, na asidi imemtesa miaka mingi. Nimeangalia katika kamusi nikaona maana ya oksijeni ni kitu kinachozaa asidi. Sasa mbona mnataka kumwongezea?" Nyuma yake alisimama mama yake, ambaye hoja yake ilikuwa fupi zaidi. Jirani yao aliwekewa mtungi kama ule, na hakurudi nyumbani.

Mwalimu hakuwa amesoma vibaya. Kamusi yake ilisema kweli kuhusu neno. Aliyekosea ni mtu aliyelitunga neno hilo, naye alikufa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Oksijeni si jina lililokua vinywani mwa watu kama yalivyokua maji na moto. Lilitungwa na Mfaransa aitwaye Antoine Lavoisier kwa kuunganisha vipande viwili vya Kigiriki. Cha kwanza ni oxys, chenye maana ya kitu kikali. Hapa sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji maelezo marefu, kwani kwetu kisu ni kikali na ndimu pia ni kali. Neno moja linatosha kwa ncha inayokata na kwa uchachu unaomkunja mtu uso. Wagiriki walifikiri vivyo hivyo, na siki wakaiita oxos. Kipande cha pili, -genes, kinahusu kuzaa. Ndicho hicho kilichomo katika hidrojeni, yaani mzaa maji, na shina lake ndilo limetupatia pia neno jeni, zile zinazomfanya mtoto afanane na babu yake. Viunganishe vipande hivyo utapata mzaa-ukali, au kama alivyosema mwalimu wetu, mzaa-asidi.

Ili uelewe kwa nini Lavoisier alichagua jina hilo, inafaa ujue hali ilivyokuwa. Katika karne ya 18 wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba kila kinachoungua kina ndani yake kitu walichokiita flojistoni, na kwamba kuungua ni kitu hicho kutoka na kuingia hewani. Mshumaa ukizimika ndani ya chupa iliyofunikwa, walisema hewa ya mle imejaa flojistoni na haiwezi kupokea zaidi. Walikuwa wamelipindua jambo chini juu. Mshumaa hauzimiki kwa sababu hewa imejaa kitu, bali kwa sababu kitu fulani kimekwisha.

Wa kwanza kukipata kitu hicho peke yake alikuwa Carl Wilhelm Scheele, mtengenezaji dawa wa Uswidi, mapema katika miaka ya 1770. Alikiita hewa ya moto. Kwa bahati mbaya kitabu chake kilichelewa hadi 1777, na kufikia hapo wengine walikuwa wameshasikika. Tarehe 1 Agosti 1774, kasisi Mwingereza Joseph Priestley alikusanya miale ya jua kwa lenzi kubwa na kuielekeza kwenye unga mwekundu wa zebaki. Unga huo ukatoa gesi, na mshumaa uliowekwa ndani ya gesi hiyo ukawaka kwa nguvu za kumshangaza. (Priestley ndiye pia aliyeeleza mwaka 1772 namna ya kutia gesi katika maji, kwa hiyo kila unapofungua chupa ya soda kibandani unakunywa matunda ya udadisi wake.)

Mwaka uliofuata alimweka panya ndani ya chupa ya gesi hiyo. Alitarajia kwamba katika hewa ya kawaida ya kiasi kile panya mzima angeishi takriban robo saa. Huyu aliishi nusu saa, na alipotolewa akazinduka. Baadaye Priestley alijaribu kuivuta gesi hiyo mwenyewe, akaona kifua chake kimekuwa chepesi kwa muda. Aliandika kwamba huenda siku moja ikawafaa wagonjwa wa mapafu, lakini akaonya kuwa, kama mshumaa unavyokwisha upesi ndani yake, huenda nasi tukaumaliza uhai wetu upesi mno tukiivuta bila sababu. Onyo hilo tutalirudia, kwa sababu lina ukweli kuliko yeye mwenyewe alivyoweza kujua. Kuhusu jina, Priestley aliiita hewa iliyoondolewa flojistoni. Hebu mfikirie muuguzi wa leo akitamka jina hilo kwa haraka usiku wa manane!

Oktoba 1774 Priestley alikuwa Paris, na akiwa mezani alimsimulia Lavoisier alichokiona. Lavoisier alikuwa mtu wa kupima. Alipima vitu kabla ya kuungua na baada ya kuungua, akaona kwamba salfa na fosforasi zikiungua uzito wake huongezeka. Kama kuungua ni kitu kutoka, uzito unaongezekaje? Jibu lake lilikuwa kwamba kuungua ni kuungana na sehemu fulani ya hewa. Hapo ndipo nadharia ya flojistoni ilipoanza kubomoka.

Aliona pia jambo jingine. Salfa iliyoungua ikitiwa katika maji hutoa asidi. Fosforasi vilevile. Makaa hutoa gesi ambayo nayo ikiyeyuka majini huleta uchachu mdogo, ule ule wa soda. Mifano mitatu, na yote inaelekea upande mmoja. Akahitimisha kwamba sehemu hii ya hewa ndiyo inayozaa asidi zote duniani. Mwaka 1777 akaanza kuiita kwa jina la mzaa-asidi, na mwaka 1787, yeye na wenzake watatu walipochapisha utaratibu mpya wa majina ya kemia, likakaa katika umbo la oxygène. Waingereza wakalichukua, na sisi tukalipokea kutoka kwao.

Lavoisier hakuishi kusahihishwa. Mbali na sayansi alikuwa mwanahisa katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi, na wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa hilo lilikuwa kosa la kumgharimu mtu maisha. Alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794, akiwa na umri wa miaka 50. Mkewe, Marie-Anne, aliyekuwa amemchorea vifaa vyake na kumtafsiria vitabu vya Waingereza, alifiwa na mume na baba siku hiyo hiyo.

Kosa lilidhihirika mwaka 1810. Mwingereza Humphry Davy aliichunguza asidi itokanayo na chumvi, ambayo leo tunaiita asidi hidrokloriki, akatafuta oksijeni ndani yake kwa kila njia na hakuipata hata chembe. Mlikuwa na hidrojeni na klorini basi. Baadaye ikafahamika kwamba kinachoifanya asidi iwe asidi ni hidrojeni. Kwa haki, basi, yule mzaa maji ndiye aliyestahili kuitwa mzaa ukali. Lakini majina yalikuwa yameshaenea, na nani angekubali kuyabadilisha? Wajerumani walikuwa wameshatafsiri neno lile lile wakapata Sauerstoff, Warusi kislorod na Wajapani sanso, yote yakitaja uchachu. Wachina walinusurika. Wao waliiita hewa inayolisha, na kwa maoni yangu hao ndio waliopatia.

Sasa angalia kichekesho cha mambo, msomaji. Mwaka 1824 daktari Mwingereza William Prout alitangaza ni asidi gani iliyomo tumboni mwa binadamu na wanyama. Ni hiyo hiyo hidrokloriki. Asidi inayokuletea kiungulia baada ya maharagwe na chapati, ile aliyoihofia mwalimu kwa ajili ya babake, ndiyo asidi iliyothibitisha kwamba Lavoisier alikosea. Haina oksijeni ndani yake. Ukivuta oksijeni siku nzima asidi ya tumbo haitaongezeka kwa sababu ya jina.

Na mwilini mambo yako kinyume kabisa cha jina hilo. Damu ya mtu mzima wa afya haina uchachu. Kipimo chake cha asidi, kile ambacho 7 ni katikati na chini ya 7 ni uchachu, hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Chembe za mwili zinapopata oksijeni ya kutosha huunguza sukari na mafuta hadi mwisho, na taka yake kubwa ni maji na kaboni dayoksaidi, ambayo tunaitoa kwa pumzi. Zikikosa oksijeni hazizimi papo hapo kama mshumaa. Hujaribu kuendelea kwa njia ya mkato, na njia hiyo huacha asidi inayoitwa laktiki. Asidi hiyo ikirundikana damu huanza kuwa kali, moyo hulegea, mishipa haisikii dawa, na mgonjwa huanza kuhema kwa kasi ili apunguze ukali huo kwa kutoa kaboni dayoksaidi zaidi. Kwa maneno mengine, kinachozaa asidi katika mwili wa mgonjwa mahututi ni kuikosa oksijeni. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mwalimu, kwa maneno machache kuliko haya, maana mzee alikuwa akisubiri.

Lavoisier huyu huyu alilielewa jambo hili la kuungua ndani ya mwili kuliko wote waliomtangulia. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, yeye na mwenzake Laplace walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, katika chombo kilichozungukwa na barafu. Wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto lake, wakalinganisha na joto la makaa yanayoungua. Wakaona kupumua ni kuungua polepole, bila mwali. Kama angeyapa majina mambo haya kwa kumfuata simbilisi badala ya salfa, pengine leo tungekuwa na neno jingine.

Kiswahili chenyewe kina hekima yake hapa. Pumua, pumzi, pumzika na hata pumu, ugonjwa unaomnyima mtu pumzi, yote yametoka shina moja. Mtu anayepumzika ni mtu aliyepata nafasi ya kupumua. Mgonjwa wa nimonia hapumziki hata akilazwa kwenye kitanda laini, kwa sababu misuli ya kifua chake inafanya kazi kama ya mtu anayepanda ghorofa bila kufika juu. Oksijeni haiui vijidudu vya nimonia; hiyo ni kazi ya antibayotiki. Humpa mgonjwa muda, ili ubongo na moyo visiharibike kabla dawa haijafanya kazi yake.

Mzee wetu aliwekewa mirija miwili midogo puani. Baada ya dakika chache kipimo kilipanda hadi 94, na kabla ya jioni aliomba chai. Alikaa wodini siku sita.

Je, hofu ya mama kuhusu jirani? Siwezi kuidharau, kwa sababu ina msingi. Oksijeni huwekewa wagonjwa walio katika hali mbaya, na miongoni mwa walio katika hali mbaya wapo watakaokufa. Anayetazama kutoka mlangoni huona mtungi na kifo pamoja, akadhani kimoja kimeleta kingine. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, hofu hiyo iliongezeka, na wapo waliobaki nyumbani na kipimo cha 80 wakijifukiza kwa majani hadi walipoishiwa nguvu. Waliofikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa hivyo walikufa wakiwa na barakoa ya oksijeni usoni, na jamaa zao wakazidi kuamini walichokuwa wakikiamini.

Lakini sitaki ufikiri kwamba oksijeni ni kama maji ya bomba, kwamba ikizidi haidhuru. Ni dawa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tangu 2017 orodha hiyo inaitaja wazi kwa ajili ya wagonjwa wenye upungufu wa oksijeni katika damu, si kwa upasuaji pekee. Na kama dawa nyingine, ina kipimo chake. Katika miaka ya 1940 na 1950 hospitali za nchi tajiri ziliwapa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao oksijeni bila kipimo, kwa nia njema, na maelfu yao wakapofuka. Mishipa midogo ya jicho lisilokomaa huharibiwa na oksijeni nyingi. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950, alipoteza macho yake kwa ugonjwa huo. Vilevile mtu aliyeharibika mapafu kwa miaka mingi ya sigara au moshi wa kuni anaweza kulemewa na kaboni dayoksaidi akipewa oksijeni kupita kiasi. Kwa hiyo ukimwona muuguzi akipunguza kipimo wakati mgonjwa wako anaendelea vizuri, usigombane naye kwamba anabania. Priestley aliliona jambo hili kwa mbali, kwa kumtazama mshumaa tu.

Hapa niguse mambo mawili ninayoulizwa mara kwa mara. Wapo wanaosema hewa ya Nairobi ina oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa kwa asilimia. Asilimia ni ile ile, takriban 21, huku nitrojeni ikichukua 78. Kinachopungua tunapopanda ni msukumo wa hewa nzima, hivyo kila pumzi ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hubeba oksijeni kidogo kuliko ya Likoni. Mwili huzoea kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, na ndiyo sababu mojawapo ya wanariadha kufanyia mazoezi Iten. La pili ni maji ya chupa yanayouzwa kwa madai kwamba yameongezwa oksijeni. Tumbo si pafu. Pumzi moja ya kawaida ina oksijeni nyingi kuliko lita nzima ya maji hayo, nayo haiuzwi.

Hatari ya kweli kwa wakazi wa mjini iko kwenye jiko la makaa. Msimu wa baridi, Julai hasa, watu huingiza jiko ndani ya chumba na kufunga mlango na madirisha. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hii hushikana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zinazozidi za oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huhisi kichwa kinauma, hupata usingizi, na pengine haamki. Tiba yake ya kwanza ni kumtoa nje, na ya pili ni oksijeni nyingi hospitalini. Kipimo cha kidoleni hudanganyika hapa. Hakiwezi kutofautisha gesi hizo mbili kwenye damu, hivyo kinaweza kuandika 98 kwa mtu anayekufa. Mwambie daktari kwamba kulikuwa na jiko.

Kwa kuwa vipimo hivyo sasa vinauzwa katika maduka mengi ya dawa na nyumba nyingi zinavyo tangu wakati wa korona, niongeze machache. Rangi ya kucha, na hina au piko iliyokolea, vinaweza kuharibu usomaji. Tumia kidole kisicho na rangi. Kidole cha baridi pia hupoteza kipimo, kwa hiyo kipashe moto kwanza. Jambo jingine ni kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa vifaa hivi huwapa watu weusi namba ya juu kuliko hali halisi mara nyingi zaidi kuliko vinavyofanya kwa wazungu, kwa sababu ya jinsi mwanga wake unavyopita kwenye ngozi. Ukiona namba ni 93 kwa mtu anayehema, usijifariji kwamba imekaribia 95. Na kwa mtoto mdogo, tazama kifua kabla ya kutazama mashine. Kama ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, au pua inapanuka, au anashindwa kunyonya, mpeleke hospitali hata kama mashine imeandika 96, na akiwekewa ile mirija ya puani usiitoe.